Mkaguzi wa Umri

Jumapili, 11 Januari 2026

Nimepata kazi. Kazi ya kweli, yenye mkataba! Kampuni iko mbali, sijui hasa wapi. Ina tovuti za watu wazima, zile ambazo hapa Oman hazifunguki na mimi sijapata kuziona, wallahi. Huko kwao sheria zimebadilika: katika baadhi ya nchi na majimbo haruhusiwi mtu kuingia mpaka athibitishe kwamba keshatimiza miaka kumi na minane. Kwa hiyo wana kamera inayotazama uso na kukisia umri. Nyuso za kwao inazijua. Za kwetu inazikosea. Mimi ndiye wa kuwatafutia nyuso, kwa ridhaa ya wenyewe na namba zao za simu.

Bi Khole, mama yangu mdogo aliyenilea, kaniuliza cheo changu. Nikasema mkaguzi wa umri. Kauliza umri wa nani. Nikasema wa dunia nzima. Akafurahi sana. Ijumaa anakwenda kunipelekea posa kwa Bi Masouda, mama yake Nasriya. Bi Masouda kila wakikutana huuliza mimi, Ghaith, nafanya kazi gani, na Bi Khole hugeuza mazungumzo kwenye bei ya samaki. Sasa ana la kujibu. Nasriya nnampenda tangu skuli. Nikikosa posa hii sina nyingine.

Hizo tovuti ni za nini, sikueleza. Hakuuliza.

Jumatatu, 12 Januari

Ruwi, mtaa wa biashara hapa Maskati. Chumba juu ya fundi cherehani, mimi na msaidizi wangu Edirisa, Mganda anayejua kila mtu pale kituo cha mabasi. Aliniambia bosi, mafi mushkila, hakuna shida, watu watakuja. Walikuja kweli, foleni mpaka ngazini. Wote walidhani ni mambo ya viza. Edirisa akawaeleza siyo, wakabaki vilevile, maana chumba kina kiyoyozi.

Jioni kampuni imeandika. Nyuso nzuri, lakini zote za vijana. Wanataka wazee. Nikacheka peke yangu. Wazee ninao, tena wamejaa ukumbini kwa Bi Khole kila Jumanne, kwa kahawa na halwa.

Jumanne, 13 Januari

Siku njema kabisa. Bi Khole alikaa mbele ya kamera na mtandio mpya, wanja machoni. Kamera ikasema hamsini na mbili. Pasipoti yake inasema sabini na moja. Vigelegele vikasikika mtaa wetu wa Madinat Sultan Qaboos mzima. Bibi mmoja akasema mashaallah, hii kamera ina adabu. Wakajipanga wote, wakabonyeza "nakubali" bila kusoma hata neno, kila mmoja akimsukuma aliye mbele yake. Kila aliyepimwa alimpigia simu dada yake.

Halwa sahani mbili nimekula. Bi Masouda keshasikia na anakuja kesho. Mama mkwe mwenyewe, mbele ya mashine yangu. Nimepiga kanzu pasi.

Jumatano, 14 Januari

Bora nisingeamka.

Bi Khole na Bi Masouda walitoka Unguja wakiwa wasichana, na aliyewaandikia karatasi zao aliwapa wote wawili Januari mosi ya mwaka mmoja. Nani mkubwa, hakuna ajuaye. Bi Khole siku zote kasema ni yeye, na miaka yote hii Bi Masouda humwamkia shikamoo, meno kayabana. Bi Khole naye marahaba yake huivuta makusudi.

Kamera ikampa Bi Masouda hamsini na nane. Uso ukamshuka. Nikataka kumfariji, nikasema hiyo ni sita tu zaidi ya Bi Khole. Kinywa changu hiki! Bi Masouda akapiga hesabu, halafu akatabasamu mpaka nikaogopa. Akasema kumbe miaka yote hii akimwamkia mdogo wake. Sasa anangoja shikamoo yake.

Bi Khole akasema hiyo kamera Unguja haikuwepo. Bi Masouda akasema sawa, ila Ijumaa, atakayepiga hodi na posa aanze na shikamoo mlangoni. Bi Khole akasema basi Ijumaa hana nafasi, anakwenda kwa daktari wa meno. Siku ambayo daktari wake amefunga.

Alhamisi, 15 Januari

Nikapata njia. Bi Khole apimwe tena, azeeke kidogo. Nikamfutisha wanja, nikazima taa, nikammulika tochi chini ya kidevu, nikamwomba amfikirie Bi Masouda. Kamera ikasema sabini na tisa. Nikaruka kwa furaha. Bi Khole akauliza hiyo sabini na tisa ni ya nani. Nikamwambia. Akanitoa ukumbini kwa mto wa kochi. Yeye anataka awe mkubwa na hamsini na mbili yake abaki nayo. Nikasema vyote viwili haviwezekani. Akasema basi na posa haiwezekani.

Alasiri ikawa mbaya zaidi. Kampuni imewapelekea ujumbe wote waliopimwa, kwa Kiarabu safi: hongera, umethibitishwa kuwa mtu mzima, karibu ndani, bonyeza hapa. Bi Masouda alibonyeza. Ukatoka ukurasa wa kumwambia kwamba tovuti hiyo imezuiwa nchini kwa kukiuka maadili. Akadhani simu imeharibika, akampa Nasriya amtengenezee. Nasriya akamweleza ni tovuti ya nini.

Nasriya, wa kwanza kujua. Nimezima simu. Halwa ipo, sijaigusa.

Ijumaa, 16 Januari

Baada ya sala waliingia pamoja, Bi Khole na Bi Masouda, wameshikana mikono. Sijapata kuwaona hivyo. Wakanikalisha kwenye kistuli. Likazuka suala la nani aanze kunigombeza. Bi Masouda akasema aanze mkubwa. Akamgeukia Bi Khole, akampa shikamoo safi, meno hakuyabana. Bi Khole akasema la, aanze mgeni. Wakabembelezana hivyo mpaka nikawaomba jamani aanze yeyote. Wakaanza wote.

Bi Masouda akasema mtu aliyemwandikisha mkwewe kwenye uchafu huo hana mkwe. Nikalia. Haikuwa hila, nililia kweli, maana niliona Nasriya anakwenda zake.

Simu ya Bi Masouda ikaita. Alikuwa Nasriya. Alisema tangu jana anacheka mpaka mbavu zinamuuma, na kwamba mwanamume mjinga kiasi hiki angalau hatoweza kumficha kitu mkewe. Lakini kazi ile niiache, na niape kwamba sitoleta tena kamera mbele ya mwanamke yeyote wa ukoo. Nikaapa mbele ya mama wawili. Bi Masouda akashusha pumzi, akasema haya, halwa ya posa imeshanunuliwa, isije ikatupwa.

Posa imekubaliwa! Sijui nimefanya jema gani.

Jumamosi, 17 Januari

Nimeamka mtu mpya. Nikawaandikia kampuni kwamba naacha. Wakajibu kwa upole: wanasikitika, na kamera nao wanaiacha, wateja hawapendi kutazamwa. Sasa wanataka kukisia umri kwa sauti. Wakauliza kama namjua mtu.

Nimetafakari sana, asubuhi karibu nzima. Nilichoapia ni kamera. Sauti siyo kamera. Na siku ya kuvishana pete wanawake wa ukoo wote watakuwa wanaimba nyumbani kwa Bi Masouda. Edirisa anatafuta maikrofoni ndogo ya kutia kwenye maua. Ridhaa nitawaomba baadaye, wakishashiba. Na nimejifunza, siyo kwamba sikujifunza: mara hii majibu ya Bi Khole na ya Bi Masouda nitayatoa siku mbalimbali.

Nasriya nitamwambia baada ya harusi. Atacheka tu.