Mshenga wa Mabibo

Habari ililetwa na Seleman. Wanamwita Redio, si kwa kuwa anayo, bali kwa kuwa hazimiki. Alhamisi mchana alifika kijiweni kwa Bilali, hapa Nachingwea nyuma ya stendi, akapokea kikombe cha kahawa kabla hajaketi.

"Wametangaza. Kuna kikundi cha watu wanaoacha pombe. Wanakutana leo saa kumi. Hupigwi, husemwi, na chai unapewa."

Benchi zima likamgeukia Saturnini.

Saturnini ndiye wanayemwita Mabibo. Msimu wa uraka, ile pombe ya mabibo, ukiingia, yeye huyaona mabibo mikoroshoni kabla ya nyuki. Lakini leo ilikuwa siku ya tisa hajaonja. Mkewe Kornelia alikuwa amebeba masufuria yote akaenda kwa kaka zake Nandagala, akaacha neno moja tu: akisikia mumewe amefika kwenye kikundi na amekiri kwa mdomo wake, atarudi. Asiposikia hadi Jumapili, atatuma mtu aje kuchukua kinu. Na mwanamke akishachukua kinu, hapo hakuna ndoa tena, kuna jirani wa zamani.

"Kiko wapi?" Mabibo akauliza.

"Karibu tu. Shika njia ya kwa Mama Saadi wa uraka."

"Hiyo naijua."

"Ukifika usiingie. Kata kushoto, kuna kilabu chini ya mkorosho. Napo usiingie. Utaiona baa ya bluu. Ukishaipita..."

"Sijawahi kuipita," Mabibo akasema. "Sijui mbele yake kuna nini."

"Kuna darasa la chekechea. Humo ndimo wanamokutana."

"Hakuna njia nyingine?" Bilali akauliza, huku akichochea mkaa.

"Ipo. Inapita kwa yule bibi wa gongo."

Mabibo akaweka kikombe chini. "Basi sifiki. Nijueni hivyo."

Hapo Yasini akajikohoza. Yasini ni mtu wa kofia ya kudariziwa, hajaonja hata togwa iliyolala tangu azaliwe, na kazi yake mjini ni ushenga.

"Mtani, ulipomtaka Kornelia ulikwenda mwenyewe?"

"Nilipeleka watu."

"Haya. Mtu haendi peke yake kuomba kitu kwenye nyumba asiyoijua. Nimepeleka posa kumi na moja, haijarudi hata moja."

"Na ile ya Rashidy?" Redio akachokoza.

"Ile haikurudi. Ilichelewa."

"Si ndiyo ile ya kule Mnero?" Bilali akadakia. "Uliposema 'mimi nampenda, mimi nitamtunza', mpaka binti akawa anakutazama wewe."

"Ndiyo kazi yenyewe. Mshenga humvaa mwenye haja mzima mzima. Mwenye haja anainamisha kichwa, basi."

Wakaondoka, Mabibo katikati, Bilali nyuma na birika lake. Kwa Mama Saadi sauti ikatoka ndani: "Mabibo, mbona unapelekwa hivyo? Umeiba nini?"

"Naposa," Mabibo akajibu, macho chini.

Baa ya bluu ikapita ubavuni. Mabibo akashangaa kukuta mbele yake mji unaendelea.

Darasani walikuwamo watu sita, wamekalia viti vya watoto, magoti yako masikioni. Koleta, nesi mstaafu, ndiye mwenyekiti wao. "Karibuni. Hapa kila mtu husimama, hutaja jina, husema hali yake. Na yasemwayo humu hayatoki." Akamkazia macho Redio, maana anamjua.

Yasini akasimama, akarekebisha kofia.

"Mimi naitwa Yasini. Nimekuja kwa unyenyekevu. Pombe imenitesa miaka ishirini. Mke wangu amenikimbia na masufuria."

Wakapiga makofi. Koleta akafuta machozi. Fundi cherehani mmoja, jirani wa Yasini, akanong'ona, "Ndiyo maana. Kikohozi kile cha alfajiri hakikuwa bure."

Yasini akageuka kumtazama Mabibo. Mabibo kainamisha kichwa, kama alivyofundishwa.

"Na huyu baba?" Koleta akauliza.

"Huyo hasemi mpaka akubaliwe," Redio akaeleza.

Mabibo akakiona mawazoni kile kinu kinabebwa kichwani kwa mtu, kinatoka uani. Akasimama, kiti cha mtoto kikanyanyuka naye.

"Mimi ni Saturnini. Huyu ni mshenga tu. Mlevi ni mimi, na masufuria yaliyoondoka ni yangu. Leo siku ya tisa."

Wakampigia makofi na yeye. Koleta akamshika Yasini bega, kwa upole.

"Baba Yasini, rafiki kama huyu, anayekubali kukubebea aibu yako, mtunze. Wengi huanza kwa kukana."

Yasemwayo humo hayakutoka, ila yalifika Nandagala kabla ya magharibi. Jumamosi Kornelia akarudi, sufuria kubwa kichwani, akapita kijiweni, tena alipita polepole. Ndipo Yasini akaja, kofia kaishika mkononi.

"Mke wangu Biasha ameondoka," akasema. "Amesikia nimekiri ulevi. Amekwenda kwa kaka zake Narung'ombe. Na masufuria."

Bilali akammiminia kahawa bila kuulizwa. Redio, kwa mara ya kwanza, akazimika.

"Mtani," Yasini akamwambia Mabibo, "Alhamisi utanisindikiza nikaseme ukweli?"

"Nitakusindikiza. Ni mbele ya baa ya bluu, njia naijua. Ila kusema, utasema mwenyewe."