Picha Nilizodhani Zimeharibika

Jumatatu, 3 Juni
Nimekwisha! Binti yangu, kifungua mimba, kaniachia simu yake niichaji, kaenda kuoga. Nikaona nimsaidie, nifute picha zilizoharibika. Zilikuwa nyingi, maskini. Kutu. Povu. Nyufa. Hata sura ya mtu hakuna! Nikafuta ishirini. Katoka bafuni anacheka, eti Ijumaa mwalimu wa chuo cha picha atazitazama, zikimpendeza anapata nafasi. Nikasema hongera mwanangu. Simu nikairudisha kwenye chaji upesi.

Jumanne, 4 Juni
Dawa nimeipata. Kazini kwake simu marufuku, huiacha nyumbani. Nitapiga zangu, nizipachike kimyakimya. Nikaanza na kitako cha sufuria iliyoungua. Jirani, fundi cherehani, akachungulia akauliza kama sufuria inatafuta mchumba. Nikamwambia ndiyo, ila wewe hufai. Jioni binti kataka simu. Nikamwambia umeme mdogo, haijajaa. Mungu nisamehe.

Jumatano, 5 Juni
Ninazo kumi na tisa. Zote zina kidole changu gumba! Nikakimbilia dirisha la fundi, lina vumbi zuri la mawimbimawimbi. Kuniona na simu, akalifuta mbio, eti nisimtangaze mchafu. Roho mbaya! Mtu anafutaje kitu kizuri namna ile?

Alhamisi, 6 Juni
Binti kashika simu. Kafungua picha. Nikaangua kilio kabla hajauliza, nikamwaga yote. Akauliza, mama, yaani ulidhani nimekosea zote ishirini? Nikamwambia nilidhani mkono unatetemeka kwa njaa. Kacheka mpaka kakaa chini. Kumbe picha ukizifuta hujificha humohumo kwenye simu mwezi mzima! Kazirudisha zote. Nimeapa sitagusa tena kitu chake.

Ijumaa, 7 Juni
Mwalimu kazipenda. Zaidi ile ya ukuta wetu wa nyuma, rangi ilivyobanduka na ukungu ulivyotambaa. Haamini kama ni ukuta kweli. Jumapili anakuja auone kwa macho yake, ndipo atoe nafasi. Sijala.

Jumamosi, 8 Juni
Mwalimu mzima aje kwangu akutane na ukuta ule? Atasema mtoto kalelewa jalalani, nafasi iende kwa mwingine! Binti alipotoka tu kwenda kazini, nikashika brashi. Nimekwangua, nimesugua, nimepaka chokaa mara mbili. Mgongo hauna hali. Lakini ukuta mweupe! Unang'aa kama yai! Sijamwambia mwanangu. Kesho na yeye ashangae.