Kionjo Kilichomfufua Shangazi Mapema

Jumatatu, tarehe 4
Hakuna jicho kali kama langu katika fani nzima ya picha. Shule niliiacha kwa sababu ilikuwa inanichelewesha. Leo kampuni yetu ya tamthilia za mtandaoni imenipa kazi ya vionjo, vile vipande vifupi vya kuwavuta watazamaji. Mhariri, mzee mwenye miwani puani na nyingine kichwani, kasema sehemu ya mwisho nisiiguse. Nikamwitikia ndiyo mzee. Moyoni nikacheka.

Jumanne, tarehe 5
Shangazi yangu anaigiza Mama Mkubwa. Anakufa sehemu ya kwanza, wanawe wanagombania nyumba mpaka aibu. Mwishoni kabisa anatoka chumba cha juu, mzima, funguo mkononi. Siri hiyo hata mumewe hajui. Alipomuuliza marehemu anakwenda kazini kufanya nini kila asubuhi, Shangazi alimjibu kuwa anapiga pasi nguo za waigizaji.

Wenye jukwaa la mtandaoni linaloionyesha wanapima watazamaji wangapi wanafika mwisho. Wakiwa wengi, kuna msimu wa pili, na Mama Mkubwa ndiye kinara. Shangazi kaniambia, mwanangu, miaka yote naigiza jirani na mgonjwa, safari hii nina mlango wangu. Kaniomba kionjo kitamu.

Jumatano, tarehe 6
Binti anayetutengenezea mabango ya tamthilia kaona kionjo changu cha watu wanaolia. Kauliza kama ni tangazo la msiba. Ofisi nzima ikacheka. Bango lake linasifiwa kila kona.

Sawa. Nimechukua mlango, Shangazi na funguo, nikatengeneza kionjo kipya. Nimekipandisha mtandaoni mwenyewe, mzee akiwa ametoka kula.

Ijumaa, tarehe 8
Kionjo kimeshika mji. Watoto uani wanatingisha funguo kama Shangazi. Binti kanyamaza, raha iliyoje.

Jioni kinyozi kanisifia tamthilia, kasema ameshaimaliza. Nikamuuliza lini. Kasema si ile ya dakika moja? Mama hajafa, yuko juu na funguo zake. Sasa akeshe akitafuta nini?

Nikaondoka nimenyolewa upande mmoja.

Alhamisi, tarehe 21
Majibu ya wenye jukwaa yamekuja. Watu wanafungua, Mama Mkubwa anakufa, wanacheka, wanafunga. Msimu wa pili hakuna. Mumewe kamuuliza Shangazi, kumbe ndiyo pasi yenyewe hii? Shangazi hakucheka. Kaniuliza nani kautoa mlango wake nje. Nikasema mhariri, uzee umemzidi. Kasema asante kwa kumwambia ukweli.

Jumapili, tarehe 24
Nina mpango, na huu ni moto. Leo Shangazi alikuwa anaosha vyombo, kanipa mgongo, analia kimyakimya. Simu ilikuwa mkononi. Mwanga wa dirishani ulikuwa mzuri, nikarekodi kipande. Kesho nakipandisha, nimeshatia na muziki. Watu watamhurumia, watadai msimu wa pili, wenye jukwaa watasalimu amri.

Mwishoni aligeuka akaniona. Akafuta uso kwa kanga, akatabasamu, akauliza, mwanangu, umekula? Hapo nimepaondoa, panaharibu huzuni.

Bado hajui. Anadhani ni yule mzee, na jana kapita mbele yake bila kumwamkia. Mlango ule niliufungua mimi.