Sekunde Kamili Redioni Kasha

Jumatatu, 3 Juni 2024

Leo nimepata silaha dhidi ya Delphin. GPS ya zamani! Tonton Bienfait, mjomba wangu, ameitoa Mwenga, ambako wapima udongo waliitupa. Kioo kimepasuka, ramani haionyeshi tena. Ramani ya nini? Ndani yake kuna saa, na saa hiyo inapewa sekunde na setilaiti. Saa ya redio yetu hapa Kasha inachelewa hadi wasikilizaji wanapiga simu kutusahihisha. Delphin, mtangazaji, anasoma saa kwenye simu yake na kusema "karibu saa moja". Karibu! Maman Charlène, directrice wa redio, anatafuta chef technique, mkuu wa mitambo. Mimi fundi naitaka nafasi hiyo, na Delphin naye anaitaka. Maskini.

Jumanne, 4 Juni

Studioni GPS haikuona setilaiti hata moja. Mabati yanaziba mbingu. Nikapanda paani. Delphin akauliza, kwa sauti ya kusikika mtaa mzima, kama naiba mabati. Nikaendelea kupanda, kwa heshima. Huko juu ikazipata! Nikashusha waya hadi kwenye kompyuta ya studio, ile inayorusha nyimbo na matangazo yenyewe. Mlio wa saa ukatoka kwa sekunde hasa. Maman Charlène akanisifu. Delphin akasema hakuna mtu Kasha anayepika maharagwe kwa sekunde. Wivu mtupu.

Jioni jirani yangu, maman Nsimire, alileta komunike ya kilio, tangazo la msiba la kutolewa redioni. Mama yake amefariki, maziko ni Alhamisi asubuhi. Kaka yake Luc yuko Kavumu, simu yake haipatikani, lakini redio hazimi kamwe. Nikarekodi mwenyewe, nikaipanga kwenye kompyuta itoke kesho Jumatano, mchana wote. Nikamwahidi itatoka kwa sekunde kamili.

Alhamisi, 6 Juni

Asubuhi maman Nsimire alikuja studioni akiwa na nguo za kilio. Akauliza taratibu kama komunike ilitoka, maana Luc hajafika. Nikasema ilitoka, tena kwa sekunde! Delphin akainama kwenye kompyuta, akanionyesha kona ya chini. 21 Oktoba 2004.

Saa sahihi. Siku sahihi, Alhamisi. Mwaka ndio umerudi nyuma! Kumbe hizi GPS za zamani zinahesabu wiki, na hesabu ikijaa, kila miaka kama ishirini, zinaanza upya. Kompyuta imeamini. Komunike ilikuwa bado inasubiri 2024 ifike.

Niliitazama ile tarehe. Mwaka 2004 mama yake Nsimire alikuwa anauza sambaza, dagaa wetu wa ziwani, sokoni, na mimi mutoto alikuwa ananiongezea konzi moja ya bure. Kwa kompyuta yetu, alikuwa bado yuko pale na beseni lake.

Nikapanda pikipiki hadi Kavumu. Luc nilimkuta uani anachambua maharagwe, redio yetu iko inaimba kando yake. Nikamwambia. Hakulia. Alizima redio kwanza.

"Tangu jana niko naisikiliza," akasema. "Siku hizi saa yenu iko sawa kabisa."

Nikawasha pikipiki. Njia yote ya kurudi alinishika bega, kwa nguvu.

Walikuwa wametusubiri. Tukazika mchana. Baadaye maman Nsimire akaniona nimesimama nje ya kiwanja. "Papa Héritier, ingia ukule." Afadhali angenitukana.

Jumamosi, 8 Juni

Chef technique ni Delphin. Amri yake ya kwanza: nichomoe GPS. Nimeichomoa. Nimekwenda tena kumwomba maman Nsimire radhi. Amesema yameisha, kisha akageuka kumenya ndizi.

Nimekaa na kufikiri sana, bila kujipendelea. GPS imekosea nini? Sekunde hata moja haikukosea. Kilichotuangusha ni tarehe. Basi dawa ni kuipeleka mahali pasipohitaji tarehe. Kengele ya parokia! Kengele haiulizi mwaka. Mpaka leo muzee Apollinaire anaivuta kwa kukisia, na Misa inaanza watu wakiwa bado njiani. Inatosha mota moja na waya kidogo. Padri sijamwambia. Kwanza aisikie Jumapili, atafurahi. Ngazi nimeazima kwa Delphin.