Ini Langu Halichezewi

Jumatatu, 3 Juni
Nimetukanwa na kipimo! Daktari Yustina anadai lehemu imezidi kwenye damu yangu. Mimi, Muntasir, nisiyegusa mafuta ila kwenye pilau, sambusa na chapati za asubuhi! Kanipa vidonge, kimoja kila jioni. Mke wangu Asila ameapa kunisimamia.

Jumatano, 5 Juni
Fazal wa duka la jirani anameza vidonge hivyohivyo mwaka wa tatu sasa. Leo kanisomea karatasi ya ndani ya boksi, mbele ya wateja: vinaweza kugusa ini. Nikamuuliza mbona yeye mzima. Akasema hupimwa damu, na madhara makubwa ni nadra. Nadra! Nadra ndiyo inayonipata mimi siku zote. Simezi tena. Nakificha shavuni, Asila akigeuka nakitemea ndani ya birika bovu.

Ijumaa, 7 Juni
Nimepata muuza mizizi kutoka Ipole. Dawa ya kusafisha ini, ndani ya asali. Akasisitiza kijiko kimoja kwa siku. Kijiko kimoja ni cha watoto. Nimekunywa vinne. Asila ananisifu kwa utiifu.

Jumatano, 26 Juni
Mwili unawasha. Mkojo kama chai ya rangi. Macho ya njano! Si nilisema? Vidonge vimeniua! Asila analia jikoni. Nami naogopa, ila hasira imetangulia.

Alhamisi, 27 Juni
Nimemshtaki Yustina mbele ya foleni nzima. Sumu, nikasema. Akaningoja nimalize.
“Mzee Muntasir, umemeza vingapi?”
Kabla sijajibu, Asila akafungua leso yake: vidonge ishirini na viwili, kavikuta kwenye birika. Ikabidi niitaje mizizi. Yustina akasema hiyo ndiyo inayoshukiwa, niache kila kitu, nipimwe kila wiki. Ningechelewa zaidi, angenilaza. Njia nzima Asila alitangulia mbele, leso ya vidonge mkononi. Heri angenigombeza.

Jumatatu, 5 Agosti
Ini limepona! Nimerudishiwa vidonge, nameza kweli. Asila hunichungulia mdomoni kama anayenunua ng’ombe mnadani. Mizizi ya Ipole? Haramu kwangu!
Mchana kapita bwana mmoja, Sylvester, kutoka Choma, na unga mweusi wa magoti. Kasema nusu kijiko. Nimechukua makopo mawili. Yustina alikataza dawa za ini. Magoti hakuyataja.