Sentensi Kuhusu Babu na Samaki

Leo nimeumbuka, ndugu wastaafu wenzangu, na kabla uvumi haujawafikia kutoka ufukweni naomba kuweka kumbukumbu sawa.

Mjukuu wangu Atieno aliagizwa shuleni atunge sentensi kwa neno la Kiingereza "deftly", yaani kufanya jambo kwa ustadi na wepesi wa mikono. Nilimsaidia. (Neno hilo ni langu. Mnakumbuka miaka ya themanini, tulipowapeleka wageni wa wizara kula samaki kando ya ziwa baada ya mikutano? Tulivua makoti, tukakunja mikono ya shati, redio ya kibandani ikipiga benga. Afisa mmoja kutoka Nairobi alinitazama nikimaliza ngege mzima, mifupa ikabaki sahanini imeshikana kama kitana, akatangaza mbele yenu nyote kwamba nakula "deftly". Hakuna sifa ya kazini iliyonikaa moyoni kama ile.) Atieno akaandika kwamba babu yake hula samaki "deftly".

Mwalimu Njoroge akaikata sentensi kwa kalamu nyekundu. Alidai neno hilo linamfaa mshonaji au daktari wa upasuaji. Kula si ufundi. Mtoto alirudi analia. Nikamwalika mwalimu huyo chakula cha mchana leo, penye vibanda vya samaki, Atieno akiwa shahidi na daftari lake mkononi. (Mwalimu ni mtu wa Nyeri, kule milimani wasikozoea samaki. Nilijiambia kwamba mifupa itamfundisha.)

Ngege wawili wakaletwa kwa ugali. Nikakunja mikono ya shati kama zamani. Nikaeleza: kwanza mgongo, kisha ubavu, ulimi ukitenga mfupa na nyama bila mtu kujua. Nikaingiza na habari za safari zetu za kikazi kule Katito. Nilikuwa bado nahutubu, mdomo umejaa, nilipohisi kitu kimesimama kooni.

Machozi yakanitoka. Mama Adhiambo, mwenye kibanda, akanisogezea tonge kubwa kama ngumi.

"Mzee, meza. Usitafune."

Nikameza. Mfupa haukuteremka. Akanipa tonge jingine, kibanda kizima kikiwa kimeacha kula. Hilo likaushusha, pamoja na heshima yangu.

"Sasa Mzee," akasema, "samaki na hotuba wapi na wapi?"

Nikamgeukia mwalimu. Muda wote huo alikuwa akila polepole, kimya. Sahanini mwake kulikuwa na kitana.

"Mke wangu ni wa Bondo, huku huku ziwani, Mzee," akasema kwa adabu. Kisha akaliomba daftari la Atieno. "Nimekubali. Kumbe hii kazi inataka ufundi kweli." Akamrudishia mtoto alama yake.

Atieno alishukuru. Halafu akachukua kalamu, akafuta "babu" na kuandika "mwalimu".

Haki imetendeka, siwezi kukata rufaa. Atakayecheka namwomba amalize kabla ya Jumamosi ijayo, tukutane palepale kama zamani. Mimi nitaagiza omena, dagaa wanaoliwa pamoja na mifupa yao.