Ufunguo wa Kabati la Wino

Jumatatu, 12 Mei

Printa mpya imeletwa leo. Kubwa kama friji la soda. Imewekwa ofisini kwa Atuganile, katibu muhtasi wetu, na ua la plastiki limehamishiwa dirishani ili kuipisha. Ua lile nililinunua mimi.

Atuganile aliwaita walimu wote akawaelezea. Alisema printa ni ya kukodi. Alisema inajijua yenyewe: tona, yaani ule wino wa unga, ikikaribia kwisha, printa inaiarifu kampuni kwa mtandao, na kampuni inaleta nyingine mapema. Hakuna kuomba. Nikauliza nani anasaini. Akasema hakuna. Nikauliza nani anaidhinisha. Akasema printa. Walimu wakapiga makofi!

Mimi ndiye mtunza stoo wa shule hii tangu enzi za madarasa ya mabati. Ufunguo wa kabati la wino nauvaa shingoni kwa kamba ya bluu. Haujawahi kulala kwa mtu mwingine.

Baada ya makofi Mwalimu Mkuu, Madam Demetria, aliniita pembeni. Alisema nisiwe na hofu, hawanipunguzi. Dada wa basi la Mbagala anakwenda likizo ya uzazi, na watoto wa chekechea wanahitaji mtu mzima wa kuwafuta kamasi njiani. Kabati likikosa kazi, basi hilo litakuwa langu.

Kamasi! Mimi!

Jumanne, 13 Mei

Hakuna aliyekuja stoo. Nimefuta vumbi asubuhi. Nimefuta tena mchana, ingawa halikuwepo.

Zamani hali haikuwa hivi. Mwalimu alikuwa anatoka darasani mwenyewe, anapiga hodi, ananiamkia, anauliza habari za nyumbani, halafu ndipo anataja wino. Mimi namwambia aende kwanza akaitikise tona iliyomo. Anaitikisa, anarudi. Namwambia aitikise tena. Wakati wa mitihani Mwalimu Mwishehe wa Jiografia hakuja mikono mitupu hata siku moja. Aliniletea sambusa, za nyama.

Leo saa nne Mwishehe amepita mlangoni na sambusa kwenye karatasi. Nikavuta kiti. Akanipungia mkono, akaendelea na safari yake, na sambusa akaila mwenyewe njiani.

Nimeumia. Naandika wazi, nimeumia. Printa hii haimalizi mwezi.

Jumatano, 14 Mei

Mpango wa kwanza: kuthibitisha kuwa printa ni mwongo.

Mashine zote hudai wino umekwisha wakati haujaisha. Kila mtu Dar es Salaam anajua. Unatoa tona, unaitikisa vizuri, unairudisha, na unachapa wiki nyingine nzima. Nilikusudia kuitikisa ya Atuganile mbele ya Madam na kuonyesha ni shilingi ngapi zingepotea kwa kuisikiliza mashine.

Kwanza nikafanya majaribio. Walipokwenda chai nikaingia, nikafungua mlango wa mbele, nikaitoa. Ndefu, kama chupa ya chai. Nikaitikisa kwa mtindo wangu wa kawaida, wa kwenda juu.

Hii ina kizibo cha kuzungusha. Kumbe nilikuwa nimekizungusha wakati wa kuitoa.

Unga mweusi ulitua kwenye shati langu jeupe, lile la vikao vya wazazi. Nikairudisha chupa haraka. Kabla sijafika mlangoni simu ya Atuganile ikalia mezani, naye mwenyewe akawa anaingia. Walikuwa watu wa kampuni. Walimuuliza kama kuna tatizo, kwa sababu printa imewaambia kuwa tona imetolewa na kurudishwa.

Mbea! Haijamaliza wiki hapa na tayari inapeleka maneno.

Atuganile aliniangalia shati. Nikasema nilikuwa nafuta vumbi. Akasema, "Shikamoo, mzee Alfonsi. Pole na vumbi." Shikamoo yenyewe ilikuwa sahihi. Sauti ndiyo sikuipenda.

Alhamisi, 15 Mei

Mke wangu Vaileth alitaka kulikung'uta shati kisha alifue kwa maji baridi. Nikamwambia uchafu mkubwa unataka maji ya moto, yanayochemka. Alisema hana uhakika. Nikamwambia mimi ndiye ninayeishi na wino.

Maji ya moto yameuyeyusha unga ukaingia kwenye kitambaa. Sasa shati lina doa jeusi kifuani, na ukilitazama kwa mbali linafanana na ramani ya Ziwa Tanganyika. Vaileth amelianika upande wa nyuma wa nyumba, ambako majirani hawapiti.

Ijumaa, 16 Mei

Habari kubwa. Mtihani wa ujirani mwema wa darasa la saba utachapwa kwetu. Shule zote jirani, Chang'ombe hadi Mtoni, zitakuja kuchukua karatasi zao hapa Jumatano ijayo. Madam amejaa fahari. Amesema uzuri ni kwamba tuna printa isiyoishiwa wino.

Mpango wa pili ukanijia palepale. Mbea asipokuwa na mdomo, umbea utapitia wapi? Nikikata mtandao, printa haitaweza kuiambia kampuni kitu. Wino utaisha kimyakimya katikati ya mtihani. Watu watapiga kelele. Ndipo watahitaji mtu anayejua duka gani Kariakoo lina tona na nani wa kumpigia. Mtu huyo ana ufunguo shingoni.

Nyuma ya printa kuna waya wa bluu unaoingia ukutani. Jioni, wakati Atuganile anajipaka mafuta mikononi, niliinama kama naokota kalamu nikauchomoa. Safi kabisa. Hakuna aliyeona.

Jumatatu, 19 Mei

Madam hana intaneti. Tangu Ijumaa. Kikao chake cha mtandaoni na wamiliki wa shule kimevunjika, na asubuhi yote amekuwa kwenye simu akiwagombeza watu wa mtandao. Wao wanasema kwao kila kitu kiko sawa. Madam aliponiona nimesimama mlangoni akadhani nina la kusema. Nikasema siku hizi huduma zimeshuka sana.

Printa inaendelea kuchapa. Imewasha kitaa cha kijani, ina amani yake.

Jumanne, 20 Mei

Saa tano nilikuwa getini nikiota jua wakati bodaboda ilipofika na boksi. Kijana anaitwa Talha, ametoka kwenye ile kampuni. Alisema ameleta tona, printa yetu iliomba jana.

Nikamuuliza imeombaje wakati mtandao umekatika. Akacheka, akasema, "Mzee, ile ina laini yake humohumo ndani, kama simu. Haitegemei waya wenu."

Kwa hiyo waya ule ulikuwa wa Madam. Nimeuandika hapa ili nisisahau kuurudisha.

Lakini hapohapo bahati ikaniangukia. Talha alisema anataka tu mtu wa kupokea. Nikasema ni mimi, mtunza stoo. Nikamuuliza: na hii ikikaa bila kuwekwa, mtaleta nyingine? Akasema hapana, mfumo unasubiri mpaka printa iseme hii imeingia. Nikamuuliza tena ili nihakikishe. Akarudia.

Nikapokea. Akaniomba nisimame na boksi anipige picha ya makabidhiano, nikasimama vizuri, nikatabasamu. Nilikuwa nimevaa lile shati, maana getini nani ananiona? Boksi nikalipeleka moja kwa moja kabatini. Nikafunga, nikavuta kufuli kuhakikisha.

Tona pekee katika shule hii iko kwangu! Mambo yamerudi mahali pake. Usiku nimekula vizuri hadi Vaileth akauliza kuna nini.

Jumatano, 21 Mei

Naandika kwa utulivu.

Asubuhi walimu wa shule jirani walijaa kwenye korido na bahasha zao. Printa ilichapa Kiswahili, ikachapa Sayansi. Katikati ya Hisabati herufi zikaanza kufifia, kisha ikasimama. Kitaa kikawa chekundu. Atuganile akabonyeza kila kitu kinachobonyezeka. Akasema haiwezekani, kampuni lazima ingekuwa imeshaleta. Akatoka nje na simu yake.

Nilisubiri kidogo ili Madam aanze kutoka jasho. Kisha nikatokea mlangoni, ufunguo ukiwa nje ya shati. Nikasema kwa bahati stoo ina tona moja.

Sijawahi kuangaliwa vile. Madam alishika kifua, akamshukuru Mungu. Mwalimu mmoja wa Mtoni aliniita mkombozi. Mwishehe alitabasamu na macho yake yakawa yaleyale ya zamani, macho ya sambusa. Kama ningeingia kabatini dakika ileile, leo ningekuwa mtu.

Madam akasema nilete haraka. Nikasema bila shaka, naomba tu maombi yafuate utaratibu. Akauliza utaratibu gani. Nikamkumbusha: barua ya maombi, imechapwa, imesainiwa, imepigwa muhuri.

Mwishehe ndiye aliyeuliza barua hiyo itachapwa na nini.

Nakiri hilo sikuliwaza.

Madam akachukua kalamu akasema ataandika kwa mkono. Hapo nilikuwa kwenye mtego. Mwaka juzi Mwishehe aliniletea ombi la kuandika kwa mkono nikamrudisha, tena mbele ya wanafunzi wake. Na sasa huyo alikuwa amesimama palepale ananiangalia. Nikipokea la Madam, nitamwambia nini? Nikasema samahani Madam, za mkono hazipokelewi.

Tulikuwa bado tunajadiliana, Madam kwa sauti kidogo, wakati Atuganile aliporudi na Talha. Kijana huyo alikuwa hapo jirani tu, akipeleka mzigo wa watu wengine. Talha aliponiona akafurahi. Akasema, "Si nilikupa wewe jana, mzee? Huyu hapa, picha si ninayo!" Akawageuzia simu.

Picha imetoka vizuri. Boksi linaonekana, ufunguo unaonekana. Tabasamu ni pana. Ziwa Tanganyika limekaa katikati ya kifua, na Atuganile alilitambua mara moja.

Simu ilizunguka korido nzima. Mwalimu wa Mtoni aliyeniita mkombozi aliishika muda mrefu kuliko wote. Kisha Madam akanyoosha kiganja mbele yangu. Nikavua kamba, ikakwama sikioni. Atuganile mwenyewe ndiye aliyenisaidia kuitoa, taratibu, asiniumize. Akafungua kabati langu, akaweka tona, na Hisabati ikaendelea.

Katika ile vurugu nikakumbuka waya wa bluu. Niliurudisha. Madam aliniona nikiurudisha.

Alhamisi, 22 Mei

Nimeitwa ofisini. Nilijiandaa kwa ukali, nikawa na majibu. Madam hakuwa mkali. Alisema mwaka wa mwanzo, shule ikiwa haina kitu, nilizilinda chaki zile kama mboni ya jicho, na hajasahau. Alisema ndiyo maana hanifukuzi. Majibu yangu yote yakakosa kazi.

Basi la Mbagala, kuanzia Jumatatu. Stoo itawekwa ngoma za bendi ya shule.

Saa nne Mwishehe alikuja akanikuta nabeba kiti changu. Alikuwa na sambusa mbili. Hakuomba chochote, alinipa tu moja akaketi. Nilitaka kulia. Nilikula.

Jumatatu, 26 Mei

Siku ya kwanza kwenye basi. Watoto wananiita anko. Hawaamkii, wanapanda tu. Dereva anasema nitazoea.

Nimefanya ukaguzi. Nyuma ya kiti cha dereva kuna sanduku la bati lenye karatasi laini na mifuko ya kutapikia. Liko wazi! Mtoto yeyote ananyoosha mkono anachukua anavyotaka, hamna anayemuuliza. Kabla hatujafika Mtoni Mtongani kibinti kimoja cha chekechea, Salma, kilikuwa kimefuta pua mara kadhaa kwa karatasi mpya kila mara, wakati ile ya kwanza ilikuwa na upande mzima safi. Nilimwonyesha. Hakuelewa.

Sishangai kwamba dada aliyepita alikuwa anachoka. Hapakuwa na utaratibu.

Jioni nilishuka Mtongani nikanunua kufuli dogo na kamba ya bluu. Vaileth ameniuliza ni ya nini, nikamwambia atajua tu. Kuanzia kesho, mtoto anayetaka kutapika atatoa taarifa mapema.